Masta mseto ukiwa Lubumbashi: ya ratiba au ya moduli?

Walikuja Jumapili baada ya ibada, wawili pamoja, kila mmoja na karatasi alizochapishiwa siberi (duka la intaneti). Mmoja ni muuguzi wa zamu ya usiku, anakaa komini ya Kenya, hii ya hapa Lubumbashi, si nchi. Mwingine ni mhandisi wa matengenezo: wiki mbili yuko mgodini upande wa Kolwezi, wiki mbili yuko nyumbani Kampemba. Wote wana lisansi (digrii ya kwanza), wote wanatafuta masta ya kusoma nusu mtandaoni na nusu ana kwa ana, na swali lao lilikuwa moja: "Yaya, ni ipi ya muzuri?" (Yaya, huku kwetu, ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto.)

Nilipita njia hiyo miaka miwili huku nikifundisha sekondari, ndiyo maana karatasi za namna hii hunifikia. Kila mara naona jambo lile lile. Ukurasa wa ada umechakaa kwa vidole, majina ya maprofesa yamepigiwa mstari, na ukurasa wa tathmini haujaguswa. Mimi naanzia huo. Mwalimu asiyeeleweka utamvumilia, utaazima daftari la mwenzako, utatafuta video nyingine. Lakini namna utakavyopimwa ndiyo itapanga usingizi wako, mega zako (data ya mtandao) na likizo utakayomwomba bosi, na hakuna wa kukuazima hiyo.

Karatasi ya muuguzi ilikuwa ya programu nitakayoiita ya ratiba: mihadhara ya moja kwa moja kwa video, jioni mbili kwa wiki, na mwisho wa kila semesta mtihani wa kalamu na karatasi katika ukumbi hapa hapa mjini. Mtihani una pointi 70 kwa 100, mazoezi 20, mahudhurio 10. Karatasi ya mhandisi ilikuwa ya moduli: masomo yamewekwa mtandaoni, unayasoma saa unayotaka, kila wiki kuna kazi ya kutuma, na kila semesta kuna wiki moja ya kukutana ana kwa ana. Mtihani mkubwa hakuna. Jalada la kazi ni pointi 50, kazi za wiki 30, majaribio mafupi ya mtandaoni 10, na 10 za mwisho zinatokana na wanafunzi kusahihishana. Zote mbili zinaishia kwenye memwari, yaani andiko la utafiti, na kuitetea mbele ya jopo.

Kwanza hesabu ya saa

Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ambao vyuo vya Kongo viliuingia kwa jumla kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, masta ni krediti 120: semesta nne za krediti 30. Krediti moja huku kwetu ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, za darasani pamoja na za kujisomea. Zidisha, unapata saa 3,000. Zigawe kwa miaka miwili yenye wiki 40 za masomo kila mmoja, inakuwa saa 37 na nusu kwa wiki. Hiyo ni kazi nyingine nzima juu ya kazi uliyo nayo. Muuguzi aliposikia hesabu hiyo aliweka kikombe chini.

Uingereza wanahesabu kivyao. Masta yao ya kawaida ina krediti 180, lakini krediti yao ni ya saa 10, jumla saa 1,800. Ukiitandaza kwa miaka miwili ya wiki 45, ni saa 20 kwa wiki. Krediti ni kama mfuko wa makala (makaa): jina ni moja, ujazo unategemea aliyejaza. Na kama una nia ya kuendelea hadi udaktari, masta ya mwaka mmoja ya krediti 60 za Ulaya isikupumbaze ukadhani ni sawa na ya 120. Uliza habari ya ekivalansi, yaani kama shahada itatambuliwa kuwa sawa, kabla ya kulipa.

Kwa hiyo brosha inaposema "utasoma kwa muda wako", mimi huuliza: muda upi huo? Programu ya ratiba inakuchukulia jioni zako lakini inakuachia asubuhi. Ya moduli haikuchukulii chochote, inakuachia wewe ujichukulie, na hapo ndipo wengi huzama wiki ya nne au ya tano, kazi tatu zikiwa hazijatumwa.

Jioni, kamera na delestaji

Mhadhara wa moja kwa moja una kitu ambacho rekodi haina: unangojwa. Profesa anaita jina lako, wenzako wanakuona, unaona aibu kutojua. Mimi mwenyewe niko hivyo, bila mtu wa kuningoja naanza kupika bukari (ugali) na kusahau. Kama nawe uko hivyo, usijidanganye kwamba masta itakubadilisha.

Ila angalia saa. Profesa akiwa Bruxelles na darasa likianza saa 18 kwake (huku wengi tunataja saa kwa hesabu ya Kifaransa, yaani saa 12 jioni), Lubumbashi ni saa 19 wakati wa baridi yao. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba ni saa 18 sawasawa, maana wao wanasogeza saa na sisi hatusogezi. Profesa akiwa Kinshasa, sisi tuko mbele yake kwa saa moja mwaka mzima. Nimeona wanafunzi wote wa mashariki wakikaa saa nzima mbele ya skrini tupu wakimlaani profesa, kumbe mwenzao yuko kwenye wakati wake.

Kuna na mega. Saa moja ya video ya moja kwa moja inaweza kumeza nusu giga, giga nzima, hata zaidi. Ukizima picha ukabaki na sauti, unashuka hadi makumi ya mega. Uliza kama wanakubali uzime kamera. Kuna walimu wanaoichukua kamera iliyozimwa kuwa utoro. Delestaji nayo, umeme unapokatwa kwa zamu, mtu wa hapa anaijua, na kuanzia Novemba mvua na radi zinaongeza zao.

Programu ya moduli inapumua vizuri zaidi hapo. Nyingi ziko kwenye Moodle, mfumo ambao Martin Dougiamas wa Australia aliutoa mwaka 2002. Una programu ya simu inayokuruhusu kupakua somo ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini, ukalisoma nyumbani gizani. Mhandisi alicheka aliposikia hivyo: kambini kwao Wi-Fi ni nzuri kuliko mjini, na jenereta halilali. Lakini hakikisha kitu kimoja. Mara nyingi maandishi yanapakulika, na video zimewekwa kwenye tovuti nyingine ambako hazishuki. Omba wakufungulie moduli moja ya mfano, ujaribu mwenyewe simu ikiwa haina mtandao.

Sasa swali la nani anafundisha vizuri. Muuguzi alikuwa amesikia kwamba profesa mmoja wa programu ya ratiba "anaeleza kama maji". Nikamwambia habari mbili. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi: katika madarasa ya mhadhara mtupu walioshindwa walikuwa kama 34 kwa 100, na pale wanafunzi walipofanyishwa kazi darasani, kama 22. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard wakagundua jambo la kuchekesha kidogo. Wanafunzi waliosikiliza mhadhara mzuri walijiona wamejifunza zaidi kuliko wenzao waliohangaika na mazoezi, ila walipopimwa, waliohangaika walikuwa mbele. Hao walikuwa wa lisansi, tena wa sayansi, si wauguzi waliokesha. Hata hivyo sifa ya "anaeleza kama maji" naichukulia polepole tangu hapo. Maji hupita.

Ninachotafuta kwenye karatasi ni kile mwanafunzi atakachofanya katika saa za kukutana. Kuna njia ya kujifunza kwa tatizo, iliyoanzia chuo cha tiba cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, na Maastricht, Uholanzi, wakajenga chuo kizima juu yake kuanzia 1976. Kikundi cha watu wachache kinapewa kisa: kwa mfano wodi ya watoto, homa inarudi kila baada ya dawa. Wanasema wanachojua, wanaandika wasichojua, wanatawanyika kusoma, wanarudi kujibu. Mwalimu anauliza tu. Kwa mtu mwenye miaka kumi wodini njia hiyo ni dhahabu, kwa sababu uzoefu wake unakuwa sehemu ya somo. Kwa mtu aliyetoka lisansini mwaka jana bila kugusa kazi, inaweza kuwa soga za kupendeza.

Wiki ya ana kwa ana ya programu ya moduli niliikagua kwa jicho kali. Sote tunajua profesa mgeni anayeshuka kwenye ndege Jumapili na kumaliza kozi ya saa 45 Ijumaa, saa tisa kwa siku, silabusi mkononi. Kama wiki ya kukutana ndiyo hiyo, basi mhandisi anasafiri kama kilomita 300 kutoka Kolwezi kusomewa kitu ambacho angekisoma kitandani. Wiki hiyo inafaa iwe ya mambo yasiyowezekana kwenye simu: maabara, kuigiza utetezi wa memwari, kukaa na msimamizi wako meza moja mkigombania swali la utafiti. Karatasi yake iliandika "warsha na tathmini ya mdomo". Nikaipa alama ya ndiyo, kwa penseli.

Hapa ndipo pa kukaa: utapimwaje

Mtihani wa karatasi una wabaya wengi siku hizi, lakini kwa mji wetu niuseme kwa haki. Haujali umeme. Hauombi mega. Hakuna atakayekuandikia. Wote mnakaa ukumbi mmoja, karatasi moja, saa zile zile, na ukianguka kuna sesyo ya pili, ya kurudia mtihani. Ubaya wake ni mzigo: pointi 70 ndani ya saa tatu. Mtoto akiugua usiku ule, semesta yako imeugua.

Kuna ubaya wa pili usioonekana. Kujipima ni njia ya kujifunza, si ya kuhesabu pointi tu. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha hilo mwaka 2006: wanafunzi walisoma maandishi, wengine wakayarudia, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka kama 56 kwa 100, na waliorudia kusoma 42. Programu yenye mtihani mmoja mwishoni inatupa faida hiyo yote. Ya moduli, na majaribio yake madogo ya kila wiki, inaitumia. Basi ukichagua ya ratiba, itabidi ujitengenezee majaribio mwenyewe: funga daftari, andika unachokumbuka, fungua, ona aibu.

Mtihani wa mtandaoni wenye saa inayokimbia, huo sina mapenzi nao, na nina sababu yangu. Semesta yangu ya kwanza tulikuwa na mmoja wa dakika 90, wa kuingia mara moja tu. Dakika ya 40 umeme ukaenda na modemu ikaenda nao. Nikahamia kwenye simu, mfumo ukanikataa kwa sababu ulikuwa umeshaitambua kompyuta. Nikapata 6 kwa 20. Niliandika rekuru (barua ya rufaa) kurasa mbili. Jibu likaja kwamba kanuni hazina kifungu kinachohusu umeme. Kilichoniokoa ni hesabu ya LMD yenyewe. Kozi ile ilikuwa kwenye yunite moja, yaani fungu moja la kozi, na kozi nyingine yenye uzito sawa, ambayo nilipata 15. Wastani ukawa 10 na nusu, yunite ikapita, krediti zikawa zangu. Kwa hiyo usisome pointi za kozi moja moja. Tazama kozi zipi zimefungwa pamoja zifidiane. Kozi iliyokaa peke yake ndani ya yunite yake haina ndugu wa kuibeba, na hiyo ndiyo ya kuisomea kwa hofu.

"Yaya, na mimi umeme ikikatika nitafanya namna gani?" mhandisi aliuliza. Kwake majaribio ya mtandaoni ni pointi 10 tu kwa 100, tena yanaachwa wazi siku tatu. Hapo hatari ni ndogo. Kama yangekuwa 40 na saa inakimbia, ningemwambia akimbie naye.

Jalada la kazi ndilo linalotaka maelezo, maana wengi hudhani ni faili la kukusanyia kazi za zamani. Jalada la kweli linaonyesha mwendo: rasimu ya kwanza, alichosema mwalimu, ulichobadilisha, na kurasa mbili tatu zako za kueleza kwa nini ulibadilisha hiki ukakataa kile. Unapimwa kwa jinsi unavyojisahihisha. Mtu mzima mwenye kazi analipenda kwa sababu anaweza kuingiza kazi yake mwenyewe. Mhandisi anaweza kuchukua pampu inayoharibika kila mwezi mgodini kwao akaifanya somo la semesta nzima, mradi mwajiri wake aruhusu takwimu zitoke.

Lakini jalada linaishi au kufa kwa majibu ya mwalimu. John Biggs, mtaalamu wa ufundishaji, alifundisha watu, miaka ya 1990, kwamba malengo, kazi na kipimo vinapaswa kutazama upande mmoja. Mimi naongeza kalenda. Ukituma kazi ya wiki ya pili ukajibiwa wiki ya tisa, umeshatuma nyingine sita zenye kosa lile lile. Uliza kwa maneno haya haya: majibu yanatoka baada ya siku ngapi, na nani anayasoma? Profesa mmoja mwenye wanafunzi 80 na bila asistenti hawezi kusoma majalada 80, hata awe mtakatifu. Omba pia kuona mwongozo wa kusahihisha. Unapaswa kusema wazi nini kinatofautisha 12 na 16, na programu isiyo nao inasahihisha kwa hisia.

Halafu kuna suala ambalo miaka mitano iliyopita lisingekuwemo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kila kazi iliyoandikiwa nyumbani inatazamwa kwa jicho la pembeni. Vyuo vingine vinatumia programu za kunusa maandishi ya mashine. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulizijaribu programu kama hizo kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zilishtakiwa bure kuwa ni za mashine. Insha zile zilikuwa za Kiingereza, ila fikiria na Kifaransa chetu cha shule, sentensi fupi zilizonyooka, maneno yale yale ya silabusi. Kwa sababu hiyo naipenda programu inayofunga jalada kwa mazungumzo ya mdomo ya dakika 15. Unakaa mbele ya mwalimu, anakuuliza ukurasa wa nne ulitoka wapi, unajibu. Aliyeandikiwa anajulikana dakika ya tatu, na aliyeandika mwenyewe hahitaji wakili.

Kazi za kikundi na kusahihishana nitapita haraka. Kikundi chetu kilikuwa cha watano. Wawili walionekana siku ya kuandika majina na siku ya kutoa pointi. Kama pointi ni moja kwa wote, epuka. Kama wenzako wanapimana mchango kwa siri na pointi zinagawanyika kufuatana na hilo, inavumilika. Kusahihishana kwa pointi 10 hakumuui mtu, na kusoma kazi mbovu za wenzako kunafundisha kuliko unavyodhani.

Niliwachorea hivi nyuma ya karatasi:

| Kipimo | Kinachopima kweli | Kinachokuangusha huku kwetu |
|---|---|---|
| Mtihani wa karatasi ukumbini | kumbukumbu, kasi, utulivu | tarehe isiyosogea |
| Mtihani wa mtandaoni wenye saa | kasi. Wakati mwingine modemu | umeme, mtandao |
| Kazi ya kurudisha baada ya saa 48 | kutafuta, kupanga hoja | zamu mbili mfululizo |
| Jalada la kazi | mwendo na kujisahihisha | kuahirisha. Mwalimu anayekawia |
| Mdomo wa dakika 15 | kama kazi ni yako | aibu. Mtandao, kama ni kwa video |

Jambo dogo kuhusu namba zenyewe, kwa anayefikiria chuo cha nje. Sisi tunapita kwa 10 kwa 20. Masta ya Uingereza inapita kwa 50 kwa 100, na kuanzia 70 ni daraja la juu kabisa. Ukirudishiwa 64, usilie.

Basi nani achukue ipi

Nilikuwa nimeshajiamulia kabla hawajamaliza chai: moduli kwa wote wawili, hasa kwa muuguzi wa usiku. Ndiyo ninayoipenda mimi, ikiwa ina mdomo mwishoni. Muuguzi akanigeuza.

Kazi za wiki za programu ya moduli zinafungwa Jumapili usiku wa manane, saa ambayo yeye yuko wodini. Zaidi ya hapo, kuandika Kifaransa kunamchukua muda mrefu, aya moja jioni nzima, na moduli ni kuandika, kuandika, kuandika. Lakini yuko mjini mwaka mzima, mtihani wa ukumbini ni wa mchana, na likizo ya siku tano kwa semesta anaipata. Mihadhara ya jioni atakosa karibu nusu. Tukahesabu: mahudhurio ni pointi 10, nusu yake ni 5. Pointi 5 kwa 100 anaweza kuziacha ziende, kama rekodi zinawekwa na anaweza kuzisikiliza mchana akishaamka. Sauti tu, akiwa anafua. Mtu anayejua kukumbuka majina ya dawa 200 hana sababu ya kuogopa mtihani wa karatasi. Kwake ya ratiba inafaa, kwa masharti mawili: rekodi ziwepo, na wawape angalau mtihani mmoja wa majaribio katikati ya semesta.

Mhandisi ni kinyume chake. Wiki mbili nje, wiki mbili ndani, maana yake tarehe yoyote ya mtihani ina nusu ya uwezekano wa kumkuta mgodini, na ratiba za mitihani hubandikwa zikiwa zimebaki siku chache. Wiki ya ana kwa ana inaweza kumkuta huko vile vile, lakini hiyo imeandikwa kwenye kalenda tangu mwanzo wa mwaka, na zamu moja ya kubadilishana na mwenzake anaweza kuipata. Kambini ana umeme, ana Wi-Fi, hana watoto wa kumvuta shati. Kinachomwangusha ni yeye mwenyewe. Aliniambia ana kozi mbili za mtandaoni alizoanza na hakumaliza. Nikamwambia atafute mtu mmoja wa zamu yake wasome pamoja, hata kama huyo hatafuti masta, akae naye tu Jumatano saa moja. Na asianze semesta na krediti zote 30 kama programu inaruhusu kupunguza.

Kila mmoja aliandika maswali manne akayatuma kwa sekretariati ya programu yake kabla hawajaondoka. Mhandisi aliuliza siku za kupata majibu ya mwalimu, idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi, kanuni ya umeme unapokatika, na kama video zinapakulika. Alijibiwa yote manne kesho yake, moja kwa hasira kidogo.

Muuguzi aliuliza kama rekodi zinawekwa, kama kuna mtihani wa majaribio, kozi zipi zinafidiana, na kama kusikiliza rekodi kunahesabiwa mahudhurio. Matatu yakajibiwa vizuri. La nne likaja na maneno "utaelezwa siku ya ufunguzi". Alinionyesha simu, akauliza siku ya ufunguzi ni kabla au baada ya kulipa trancha (awamu) ya kwanza ya ada. Tukatazama karatasi. Ni baada. Hadi leo hajalipa.